Taa ya Rangi ya Ndengu

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Pale Migwani alikuwa Mwalimu wa Rangi, hata kwa watu ambao hakuwahi kuwafundisha, hata kwa pasta, hata kwa wazee waliomzidi umri. Alikuwa amestaafu kabla mimi sijaolewa huko. Alikuwa amefundisha watoto kuchora na kufuma miaka mingi, na alipotoka shuleni alitoka na brashi zake. Nilimjua miaka kumi na mitatu. Tisa kati ya hiyo nilimpenda kama mama wa pili. Minne iliyobaki niliishi hatua hamsini kutoka mlangoni pake bila kumsalimia.

Kazi yake ilikuwa taa za mezani. Wageni hushangaa nikisema hivyo, kwa sababu nyumba nyingi za kwetu hazikuwa na stima hadi juzijuzi. Lakini taa zilikuwepo. Wazee wetu waliofanya kazi Nairobi na Mombasa, wapishi, yaya, walinzi, walirudi nazo. Tajiri akihama hugawa vitu, huyu anapewa kiti, yule anapewa taa. Basi taa inafika kijijini, inawekwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, waya umekunjwa nyuma yake vizuri, na inakaa hapo miaka ishirini bila kuwaka hata siku moja. Stima ilipoanza kuingia, watu wakazitoa. Zilikuwa zimebabuka, zimeshika moshi wa jikoni, nyingine zina mavi ya mjusi. Wakampelekea Mwalimu, na Mwalimu akazirudisha zikiwa mpya.

Alifanyia kazi barazani kwake, kwenye meza iliyoelekea njia ya sokoni, ili kila anayepita aone. Hakupaka kitu kichafu. Taa ikifika, kwanza aliivua kila kitu: kofia, balbu, kishikio cha balbu, na waya ikiwezekana. Halafu beseni la maji ya sabuni na mswaki mkuukuu. Halafu msasa, kwa sababu rangi haishiki mahali panapoteleza. Halafu kitambaa chenye unyevu cha kufuta vumbi, selotepu pale ambapo rangi haitakiwi, kisha andakoti, ile rangi ya chini, kisha kungoja. Kungoja ndiko kulikomtofautisha na mafundi wengine. Wakati wa kiangazi hewa ya Kitui hukausha rangi upesi juujuu, na mtu mwenye pupa huongeza mkono wa pili kabla wa kwanza haujakaa. Yeye alikunja mikono akaiangalia tu.

"Gusa kwa mgongo wa kidole," aliniambia siku za mwanzo. "Ncha ya kidole ni mwongo. Inataka kazi iishe."

Makopo yake hayakuzidi manane, lakini rangi alizotoa humo sikuweza kuzihesabu. Alizichanganya kwenye vifuniko vya mitungi na kuzipa majina ya vitu tunavyovijua. Kulikuwa na rangi ya maziwa ya mbuzi. Kulikuwa na rangi ya udongo baada ya mvua ya kwanza, na rangi ya sare ya shule iliyofuliwa mara mia. Mteja akisema anataka bluu, alimuuliza, "Bluu ya nani?" Mteja akababaika. Ndipo alipomleta ndani na kumpa kiti.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuja Migwani kutoka Kasikeu, upande wa Makueni, nikiwa bibi harusi mwenye cherehani moja na Kiswahili cha shule. Duka langu lilikuwa karibu na baraza lake. Siku moja alinijia na kofia ya taa iliyoliwa na panya, imebaki nyaya tu kama mbavu za mbwa mwenye njaa. Akaniuliza kama naweza kuivisha kitambaa.

"Sijawahi, Mwaitu," nikamjibu. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo tunavyomheshimu mwanamke wa rika hilo.

"Gauni umewahi?"

"Nimewahi."

"Basi hii ni gauni ya mtu asiyelalamika."

Tangu siku hiyo yeye alipaka miguu ya taa na mimi nikashona kofia zake. Vitambaa tulivinunua kwa Hajji, mzee mmoja kutoka kaskazini-mashariki aliyekuja na biashara ya ng'ombe, miguu ikamchoka, akafungua duka pale sokoni. Tulikunywa chai pamoja kila saa nne asubuhi. Chai yangu ilikuwa na sukari na yake haikuwa nayo, kwa sababu alisema sukari ni ya watu walioshindwa kupenda majani yenyewe. Lakini nilimkuta mara mbili akilamba sukari kwa kidole jikoni kwake. Mara ya pili alinitazama akasema, "Hiyo si chai, kwa hivyo sijavunja neno langu."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikemea umbea na alijua habari za kila nyumba. Alivaa sweta moja yenye viwiko vilivyotoboka lakini hakuweza kuvumilia kuona tone la rangi limekauka pembeni ya kazi. Kanisani aliimba sauti ya chini, ya wanaume, kwa sababu sauti ya juu ilikuwa na watu wengi wavivu. Pasta alipomletea taa ya ofisi akataka ipakwe dhahabu, alikataa mbele ya wazee wa kanisa.

"Dhahabu ni rangi ya mtu asiyejua anachotaka," akasema.

"Mwalimu, taa ni yangu."

"Ni yako. Mkono ni wangu."

Akaipaka rangi ya majivu ya moto uliozimika vizuri. Pasta alinuna wiki nzima, halafu nikasikia akiwaambia wageni kwamba rangi ile aliichagua mwenyewe baada ya maombi.

Na alikuwa mwaminifu. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linaloniuma. Hajji aliwahi kumletea taa ya mke wake, ya udongo wa kuchomwa, na Mwalimu alipokuwa akiiosha ikagonga beseni, ukingo wa chini ukameguka kipande kidogo kama punje ya mchele. Angeweza kukiziba kwa lipu na kupaka juu, na hakuna jicho ambalo lingeona. Nilimwambia hivyo. Akavua aproni, akachukua taa kwa mkono mmoja na ile punje kwa mwingine, akavuka soko zima jua la saa saba likiwaka, akamwekea Hajji vyote viwili kwenye kaunta.

"Nimekuvunjia," akasema.

Hajji akacheka. "Mama, hiki hata mke wangu hawezi kukiona."

"Mimi nimekiona."

Niliposhindwa kulala kwa hasira miaka ya baadaye, ile safari ya kuvuka soko ndiyo iliyonirudia kila mara. Kama angekuwa mwizi wa siku zote, ningemsahau.

Kulikuwa na sharti moja ambalo kila mteja alilijua. Mwalimu hakupaka taa bila kusimuliwa habari zake. Imetoka wapi, ilikuwa ya nani, ilikaa chumba gani, nani aliipenda, nani aliichukia. "Siwezi kumvisha mtu nisiyemjua," alisema. Mzee mmoja alimletea taa akajibu tu kwamba alipewa. Mwalimu akamrudishia. Mzee akaondoka akilaani, akarudi siku ya tatu, akaketi barazani na kueleza kwamba taa ilikuwa ya chumba cha mtoto wa tajiri wake, mtoto aliyemlea yeye kwa mikono yake, akafa kwa homa akiwa na miaka sita. Yule mzee alilia mbele yetu bila kujificha. Mwalimu akaipaka taa rangi ya anga ya asubuhi. Hakusema neno la faraja, lakini aliipaka mikono minne badala ya miwili.

Habari hizi alizikusanya na alizisimulia. Nilimsikia akiwaeleza wageni habari ya taa ya mtu mwingine vizuri kuliko mwenyewe alivyoieleza. Aliongeza mvua pale ambapo hapakuwa na mvua. Alimpa mtu aliyekufa maneno ya mwisho. Nilicheka nikaona ni kipaji. Kitu kimoja nilikiona na sikukiuliza, kwamba nyumbani kwake hapakuwa na taa yake mwenyewe. Palikuwa na za wateja, zikija na kwenda. Meza ya sebuleni ilikuwa tupu.

Mama yangu mzazi alikuwa yaya Nairobi kwa miaka kumi na moja. Wale aliowafanyia kazi walipohama, walimpa taa ya mezani ya udongo wa kuchomwa, yenye tumbo la mviringo kama kibuyu kidogo, rangi ya waridi iliyofifia. Chini kabisa, upande wa nyuma, ilikuwa na kishimo mahali ambapo fundi aliyeifinyanga aliacha alama ya kidole gumba. Mama alirudi nayo kwa treni. Hakutaka kuiweka chini wala juu, akaifunga kwa leso na kuipakata kifuani. Mkaguzi wa tiketi akamuuliza mtoto ana umri gani. Mama akasema, "Miezi mitatu," na kumsihi asimwamshe. Akashuka Sultan Hamud akatembea hadi Kasikeu akiwa ameibeba hivyohivyo, na njiani akina mama wawili wakampongeza kwa kujifungua salama.

Taa hiyo ilikaa kwenye meza yetu miaka kumi na tisa. Mama aliipangusa kila Jumamosi. Sisi watoto tulipomuuliza ya nini taa isiyowaka, alisema, "Inangoja." Nguzo za stima zililetwa Kasikeu, zikalazwa kando ya barabara, na mama akafa zikiwa bado zimelala.

Kaka yangu alipoingiziwa stima katika nyumba ile ya mama, alinipigia simu nikaichukue taa ipakwe, ili iwake mahali ilipongojea. Nikaileta Migwani. Niliketi barazani kwa Mwalimu, nikaiweka mezani, na kwa kuwa lilikuwa sharti, nikasimulia. Nilisimulia treni, leso, mkaguzi wa tiketi, akina mama wa njiani. Mwalimu hakunikatiza hata mara moja, na hilo halikuwa kawaida yake. Nilipomaliza alikuwa amekishika kile kishimo cha kidole gumba kwa kidole gumba chake.

"Unataka rangi gani, mwiitu wakwa?" Binti yangu, aliniita.

"Ndengu mbichi. Mama alilima ndengu maisha yake yote."

"Ndengu za kwenye ganda au zilizomenywa?"

"Zilizomenywa, kabla hazijakauka."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Hiyo nitaichanganya kwa siku mbili."

Wiki ya pili alikuja dukani kwangu saa nne, saa ya chai, bila chai. Mikononi alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliofunikwa kwa gazeti. Aliweka mkebe juu ya cherehani yangu, akasema, "Imeanguka. Nimekuvunjia mama yako."

Nilifunua gazeti. Ndani mlikuwa na vipande vya udongo, upande mmoja rangi ya kijani kibichi cha ndengu, nzuri kupita nilivyofikiria. Nililia, naye akalia. Nilimshika mabega mimi, nikambembeleza mimi, nikamwambia ajali ni ajali. Nilimkumbuka akivuka soko na ile punje ya Hajji. Ni mtu gani angemshuku?

Nilivipeleka vile vipande Kasikeu. Kaka yangu alichimba shimo dogo kando ya kaburi la mama na tukavizika. Huenda ni ujinga kuzika taa, lakini hatukujua jambo lingine la kufanya. Mwalimu alikuja nasi. Alipanda magari mawili kwa ajili hiyo, akasimama kaburini na sweta yake ya viwiko, na alipoombwa aliomba. Aliomba kwa Kikamba, vizuri, akimshukuru Ngai kwa mwanamke aliyejua kubeba kitu kwa upendo. Kaka yangu alinong'ona kwamba hajawahi kusikia sala kama ile.

Miezi mitano baadaye aliniagiza kofia. Mteja wa Kitui mjini, alisema, mtu wa haraka. Aliniletea nyaya na vipimo, na akataka kitambaa cheupe chenye mstari mwembamba wa kijani. Niliishona kwa siku tatu na nilimwambia kwamba ni kofia bora niliyowahi kushona. Aliigeuzageuza mikononi. "Ndiyo," akasema. "Inastahili."

Baadaye kidogo vikundi vya akina mama viliitwa Kitui mjini kuonyesha kazi za mikono. Mwalimu alialikwa na taa zake. Mimi sikuwa nimepanga kwenda, lakini nilikuwa na safari ya kununua nyuzi mjini, nikaona nipite nimwone anavyoheshimiwa. Nilikuta umati mbele ya meza yake. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona.

"...mkaguzi akamuuliza, mtoto ana umri gani? Mama yangu akajibu, miezi mitatu, na tafadhali usimwamshe."

Watu wakacheka, kile kicheko cha watu wanaokaribia kulia. Nilijipenyeza hadi mbele. Kitu cha kwanza nilichokitambua ni kofia yangu, mshono wangu, mstari wa kijani. Chini ya kofia palikuwa na tumbo la mviringo kama kibuyu kidogo, rangi ya ndengu zilizomenywa, likiwaka. Nilizunguka meza. Nilijua nitakachokikuta nyuma, chini kabisa, na nilikikuta. Rangi ilikuwa imepita juu ya kile kishimo bila kukiziba. Alikuwa amekitunza.

Aliniona. Hakushtuka. Mpaka leo najaribu kukumbuka kama alishtuka, na hapana.

"Mwaitu," nikasema. "Hii taa ni ya nani?"

Watu waligeuka kunitazama. Alikuwa na nafasi. Angeweza kusema ni ya mteja, angeweza kunivuta pembeni, angeweza kunyamaza.

"Ni ya mama yangu," akasema, akinitazama machoni.

Mwanamke mmoja kando yangu akanigusa mkono akasema, "Pole, dada, umeguswa, eh? Hata mimi nimeguswa." Nilitoka nje. Nyuzi sikununua.

Njia nzima ya kurudi jambo moja lilinizunguka kichwani. Kuchukua taa naweza kuelewa, mtu anaweza kuona kitu akashindwa na mkono wake. Lakini vile vipande! Vilikuwa vya nini? Alichukua chungu au taa ya mtu mwingine, akaivunja. Halafu aliketi barazani, akachanganya ile rangi kwa siku mbili, akapiga msasa, akapaka andakoti, akangoja ikauke, akagusa kwa mgongo wa kidole, ili mimi nizike kitu kilichopakwa sawasawa. Halafu akapanda magari mawili akaja kukiombea.

Sikumwambia mtu. Kaka yangu sikumwambia kwa sababu angekuja na panga. Mume wangu nilimwambia tu kwamba tumekosana kazini. Soko zima lilidhani nimemwonea wivu Mwalimu kwa kualikwa mjini, na Hajji, ambaye aliniheshimu, aliniita siku moja akaniambia, "Mama, mtu mzima hasubiriwi aje kwa miguu yake kuomba msamaha, nenda wewe." Ningeanzia wapi kumweleza? Yeye ndiye aliyeletewa punje ya mchele kwenye kaunta.

Mwalimu hakukanusha na hakukiri. Alipaka taa zake, akaagiza kofia kutoka kwa fundi mwingine, kofia mbayambaya zenye mikunjo. Nilipopita barazani alisimamisha brashi hadi nimalize kupita. Wakati wa mavuno alinitumia kikapu cha ndengu kupitia kwa jirani. Mwaka wa kwanza niliwapa kuku. Mwaka wa pili pia. Mwaka wa tatu ukame ulitupiga, tukazila, na nilizichukia kila kijiko.

Mwaka huu, baada ya mvua fupi, binti wa Mwalimu alikuja dukani. Ni muuguzi kule mji wa Wote, mwanamke mpole wa umri wangu ambaye tulikuwa tunasalimiana tu. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Dada, mama amepooza upande mmoja. Anakuita."

"Amesema ananiitia nini?"

"Hajasema. Amesema tu, mwite mwenye taa. Mwenye taa gani, dada?"

Nilifunga duka.

Ilikuwa saa tano asubuhi na jua limeingia chumbani kwake hadi kitandani, lakini taa ilikuwa imewashwa. Ilikuwa juu ya stuli karibu na kichwa chake. Rangi haikuwa imebabuka hata kidogo. Mwalimu alikuwa amekuwa mdogo. Mkono wa kulia, ule wa brashi, ulikuwa umelala juu ya blanketi kama kitu alichowekewa na mtu. Binti yake akaniletea kiti akatoka, akakaa mlangoni, ambako aliweza kusikia.

"Umekuja," akasema. Ulimi ulikuwa mzito lakini maneno yalieleweka.

"Umeniita."

"Uliza."

Sikuwa nimejiandaa. Miaka minne nilikuwa na maswali mia na pale likatoka moja. "Kwa nini hukuniomba?"

Aligeuza macho kwenye taa.

"Ungenipa?"

"Hapana."

"Basi." Akavuta pumzi. "Mama yangu hakuniachia hata kijiko. Alinipeleka kwa watu nikiwa na miaka minne, akaenda. Sikumbuki uso wake. Nimesikiliza mama za watu barazani pale miaka yote, nikawapaka, nikawarudisha. Wa kwako ulinisimulia vizuri mno. Kukipakata kitu kwenye treni... Nilitaka kuwa nimepakatwa."

"Na vile vipande?"

"Nilijua ukiiulizia nitakupa. Singeweza kukunyima. Kwa hivyo nilihakikisha huulizi."

Mlangoni nilisikia binti yake akisema "Ngai" kwa sauti ndogo.

"Uliomba kaburini," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda. "Mwaitu, uliomba!"

"Ile sala ilikuwa ya kweli."

"Kwa vipande vya uongo."

"Sala ilikuwa ya kweli," akarudia, kwa ukaidi uleule wa siku ya pasta, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nilimtambua mtu niliyempenda. Hilo halikunisaidia. Liliniumiza zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejifariji kwamba yule wa kwanza hakuwahi kuwepo.

Nilitarajia aniombe msamaha. Hakuniomba. Alisema, "Niachie hadi nife. Si muda. Halafu binti yangu atakuletea mwenyewe."

Wengi niliowasimulia baadaye, na sasa nimewasimulia wote, huniambia hapo ndipo ningefanya wema. Mgonjwa, mama mzee, siku chache. Huenda wana haki. Lakini nilimwona mama yangu akiipangusa kila Jumamosi, na nguzo zimelala barabarani, na hajapewa hata jioni moja ya ule mwanga. Huyu alikuwa amepewa miaka minne.

"Hapana," nikasema.

Niliinama nikachomoa plagi ukutani. Chumba hakikuwa na giza, jua lilikuwepo, lakini uso wake ulibadilika kana kwamba giza limeingia. Niliivua taa ile kofia niliyoishona nikaiweka kitandani, kwa sababu hiyo nilikuwa nimempa kwa mkono wangu na sikutaka kuchukua kisicho changu. Nilikunja waya. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni akilia na hakunizuia. Mwalimu alinitazama hatua zote hizo kama alivyokuwa akinitazama siku za mwanzo, nilipokuwa sijui kitu, hadi nilipoishika taa shingoni niondoke.

"Si hivyo," akasema. "Utaivunja. Shika kwa chini."

Nilikuwa nimefika mlangoni. Nilitaka sana kutoka vilevile nilivyokuwa nimeishika. Nikasimama, nikabadilisha mikono, nikaishika kwa chini.